KAZI YA MWANAFUNZI KWA JAMII: NANI AMELIPA GHARAMA YA SOMO?

Tangu Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari, 1967, na hasa tangu Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka huo huo, imekubalika katika nchi yetu kwamba elimu isiyogusa maisha ya umma haiwezi kuwa elimu ya ukombozi. Juu ya jambo hilo makada hawana ubishi. Ubishi uko mahali pengine, na mara nyingi hausemwi waziwazi. Mwanafunzi anapotoka darasani kwenda kulima shamba la shule, kuchimba kisima, kufundisha kisomo au kupima watoto katika zahanati ya kijiji, gharama ya kazi hiyo inabebwa na nani, na matunda yake yanakwenda kwa nani?

Wako wanaoliona suala hili kuwa dogo, la kuachiwa wahasibu. Lakini kila penye uzalishaji pana mtu anayetoa jasho na mtu anayepokea ziada, na shule haikuepukana na kanuni hiyo. Gharama ya kazi ya jamii ni jembe, mbegu, nauli, chakula, vitabu na muda wa mwalimu. Muda wa mtoto nao ni gharama, ingawa hauandikwi katika daftari lolote la hesabu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kazi ya jamii ilipotengewa fungu lake kama somo, iliwafundisha wanafunzi na kuunufaisha umma. Ilipogeuzwa kuwa chanzo cha fungu la kuendeshea shule, somo lilikufa na ikabaki sulubu.

URITHI WA UKOLONI

Shamba la shule halikuanza mwaka 1967. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ilinganishwe na mazingira yake ya shamba. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliupokea ushauri huo kwa namna iliyoifaa. Katika miaka ya 1950 shule za kati, kuanzia darasa la tano hadi la nane, zilipewa mwelekeo wa kilimo, na watoto wa Kiafrika walishika jembe kama sehemu ya ratiba.

Wazazi wengi walilipinga shamba hilo, na wapo waliosema kwamba walilipinga kwa kasumba ya kudharau kazi ya mikono. Kasumba ilikuwepo, lakini haielezi yote. Elimu wakati huo iligawanywa kwa rangi, Wazungu na shule zao, Waasia na zao, Waafrika na zao. Mfumo wa pamoja ulianza Januari 1962 tu, baada ya Uhuru. Mzazi aliona kwamba mtoto wa Mzungu halimi shuleni, na kwamba shule ya mtoto huyo hupata fedha nyingi kuliko ya mwanawe. Akahitimisha kwamba jembe limewekwa shuleni kumzuia Mwafrika asipande. Hapo ndipo palipoanza mazoea ambayo hata Uhuru haukuyafuta kwa siku moja: kazi shuleni kuonekana ni adhabu, au ni njia ya serikali kuokoa fedha zake.

OKTOBA 1966

Mgogoro mkubwa wa kwanza wa kazi ya wasomi kwa taifa ulihusu fedha. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo vya juu watumikie kwa lazima miaka miwili, sehemu yake kambini na sehemu iliyobaki katika kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti hayo. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Mwalimu, baada ya kuwasikiliza wakilalamikia mishahara minono ya viongozi, alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Walio wengi wa wanafunzi hao walirudishwa masomoni baadaye.

Makada hufundishwa tukio hili kama ushahidi wa ubinafsi wa wasomi, na kwa upande huo ni sahihi. Wakulima ndio waliolipia masomo ya vijana wale, na kijana aliyebebwa na kijiji hadi mlimani hana haki ya kukataa kugeuka kuwaangalia waliombeba. Upande wa pili wa tukio hausemwi sana. Utumishi ule haukuwa na uhusiano wowote na yale aliyojifunza kijana darasani. Aliyesomea sheria na aliyesomea kemia walikutana kambini kwa kazi moja, kisha wakarudi kazini kukatwa mshahara. Kwa hiyo utumishi ulionekana kwao kama kodi, na mtu hujadiliana na kodi kwa hesabu ya shilingi. Fundisho hilo lilichangia kuzaliwa kwa andiko la Machi 1967, lililotaka kazi na somo viungane tangu darasa la kwanza.

SHAMBA LA SHULE: MADHUMUNI MAWILI, JEMBE MOJA

Hali ya nchi mwaka 1967 ilikuwa ngumu. Elimu ilikula karibu moja ya tano ya bajeti ya Serikali, na hata hivyo ni watoto wapatao 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi walioweza kupata nafasi ya sekondari. Elimu ya Kujitegemea ilidai shule iwe jumuiya ya uzalishaji, kila shule iwe pia shamba au karakana. Wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, waweke hesabu, waone faida na hasara, na waamue pamoja mapato yatumike vipi. Tukiusoma mpango huo kwa makini tunaona madhumuni mawili yaliyowekwa mahali pamoja: shamba lifundishe, na shamba lilishe.

Madhumuni hayo yanaweza kupatana ikiwa shamba lina mtaji. Shamba lenye mbegu bora, mbolea, mtaalamu wa kulitembelea na vifaa vya kupimia linaweza kumfundisha mtoto kwa nini mstari wa pili umezaa kuliko wa kwanza, na bado likatoa magunia. Lakini shule nyingi zilipewa ardhi na agizo, basi. Baada ya Halmashauri Kuu ya TANU kupitisha Azimio la Musoma mwezi Novemba 1974, shule zilitakiwa zilenge kujitosheleza kwa kiasi cha robo ya gharama za kuziendesha. Lengo likawa na tarakimu, na mtaji ukabaki bila tarakimu.

Hapa tuangalie uchumi wa jambo lenyewe. Mazao ya shamba huongezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza tija, yaani zana bora, mbegu bora na maarifa. Ya pili ni kuongeza saa za kazi. Pasipo mtaji, kitu pekee ambacho mwalimu mkuu angeweza kuongeza ni saa za mtoto. Masika yalipofika, kipindi cha hesabu kikawa cha palizi. Mkaguzi alipofika, aliuliza magunia mangapi. Hakuuliza mtoto amejifunza nini juu ya udongo. Daftari la mapato na matumizi, ambalo Mwalimu alitaka liwe mikononi mwa wanafunzi, mahali pengi likafungiwa kabatini. Mahali pengine palitokea maovu zaidi: watoto wakilima mashamba ya walimu wao kwa jina la kujitegemea. Mzazi aliyekuwa na kumbukumbu ya shule ya kati ya mkoloni alilitazama shamba hili na kuliona ni lile lile.

Haikuwa hivyo kila mahali. Huko Litowa, Songea, vijiji vya Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma vilikuwa na shule yao hata kabla ya 1967. Kazi ya watoto iliingia katika mpango wa vijiji vyenyewe, na wazazi walikuwa na sauti juu yake kwa kuwa shule ilikuwa yao. Umoja huo ulivunjwa na Kamati Kuu ya TANU mwezi Septemba 1969, na nchi ikapoteza mahali pa kujifunzia. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuja kueleza kwamba wajibu wa Chama ni kuhakikisha viongozi na wataalamu wanatekeleza mipango waliyokubaliana wananchi wenyewe. Kwa kipimo hicho Litowa ilistahili kusomwa kwa makini.

Vivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kijiji cha Kwamsisi, Wilaya ya Handeni, Chuo cha Ualimu cha Korogwe kilisaidia kujaribu shule ya jamii iliyopanga masomo kwa kufuata mahitaji ya kijiji. Baadaye mpango ulioitwa MTUU, uliounganisha Tanzania na mashirika ya UNESCO na UNICEF, ulijaribu kueneza mawazo ya namna hiyo katika shule nyingine. Kulikuwa na fungu na kulikuwa na walimu walioandaliwa. Kilichokosekana ni kipimo kinacholingana na kazi yenyewe, kwani mtihani wa darasa la saba uliendelea kuchagua wachache wa kwenda sekondari, na mzazi wa Kwamsisi naye alitaka mwanawe achaguliwe.

KISOMO: KAZI ILIYOTENGEWA FUNGU

Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki, nchi ile ile iliendesha kazi nyingine ya jamii iliyofaulu kiasi cha kustaajabisha ulimwengu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Upimaji wa taifa wa Agosti 1975, baada ya zaidi ya watu milioni 5 kujiandikisha, ulionyesha wamebaki asilimia 39, na ule wa 1977 asilimia 27.

Walimu wa kisomo walikuwa nani? Walimu wa shule za msingi walikuwepo, lakini wengi walikuwa watu wa kujitolea: vijana waliomaliza darasa la saba, wanafunzi wa madarasa ya juu, wakulima waliojua kusoma. Kijana alichukua alichopata darasani juzi akakirudisha kwa jirani yake jioni. Hiyo ndiyo kazi ya jamii iliyofungamana na somo, kwa maana kamili.

Kazi hiyo ilitengewa fungu. Vitabu vya kisomo chenye manufaa viliandikwa kufuata kazi za watu, kama pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji, kutokana na uzoefu wa mradi wa UNESCO wa Kanda ya Ziwa ulioanza Mwanza mwaka 1968. Waratibu walilipwa mishahara. Radio ilitumika, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kutenda. Mwalimu wa kujitolea alipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Kiasi hicho hakikumtajirisha mtu; kilimwambia kwamba taifa linatambua muda wake. Na hakuna aliyemwagiza mwalimu wa kisomo arudishe robo ya gharama za darasa lake.

Kasoro yake kubwa ilikuwa chanzo cha fedha. Sehemu kubwa ya vifaa ilitegemea msaada wa nje, hasa wa Sweden. Msaada ulipopungua na uchumi ulipoyumba, maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho yalidhoofika, na waliojua kusoma jana wakakosa cha kusoma leo. Sensa ya 2002 ilionyesha tena kwamba karibu watu wazima 3 kati ya 10 hawakujua kusoma na kuandika. Fungu linalotoka kwa mgeni huondoka na mgeni.

Kwa kulinganisha, tuangalie nchi nyingine iliyojenga ujamaa katika umaskini. Cuba ilipoendesha kampeni yake mwaka 1961, ilitumia vijana wapatao 100,000, wengi wao wanafunzi wa sekondari, waliokwenda kukaa na wakulima. Dola ilibadilisha kalenda ya shule, ikawapa sare, taa, bembea za kulalia na vitabu vya kufundishia. Kwa mwaka mmoja watu zaidi ya 700,000 walijifunza kusoma, na wasiojua kusoma wakapungua kutoka asilimia 23 hivi hadi chini ya 4. Mwanafunzi alikula chakula cha mkulima, akalima naye mchana, akamfundisha jioni. Kila upande ulijua unatoa nini na unapata nini.

MIAKA YA DHIKI

Ukame wa 1973 hadi 1975, kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena 1979, na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina. Wakati huo huo Elimu ya Msingi kwa Wote iliwaingiza watoto shuleni kwa wingi, kutoka milioni 1.2 hivi mwaka 1974 hadi milioni 3.5 mwaka 1981. Ulikuwa ushindi wa haki, na walimu zaidi ya 35,000 waliandaliwa kwa haraka karibu na vijiji vyao ili kuutekeleza. Lakini fungu la kila mtoto lilipungua, na shamba la shule likategemewa kuziba pengo lisilozibika. Ada ziliporudi katika miaka ya 1980, na nchi ilipotia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mzazi akatakiwa alipe kwa fedha na mtoto aendelee kulipa kwa jembe. Elimu ya Kujitegemea ikabaki katika ratiba kama jina la kipindi cha kufyeka nyasi.

Adui wa siasa hiyo hupenda kusema kwamba iliuawa na ujamaa wenyewe. Historia inaonyesha kwamba ilidhoofishwa pale ilipogeuzwa kuwa mbadala wa bajeti. Tofauti hiyo ni muhimu kwa kada anayetaka kuitetea leo.

SUALA LILILO MBELE YETU

Ada ya shule ya msingi iliondolewa tena mwaka 2001, na kuanzia 2016 elimu bila ada ilifika kidato cha nne. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imerudisha mkazo katika stadi na mafunzo ya amali. Mwelekeo ni mzuri, na ndiyo sababu suala la fungu lisiachwe tena nyuma.

Chuoni suala hilo limechukua sura mpya. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, fedha za mafunzo kwa vitendo zimekuwa sehemu ya mkopo. Mwanafunzi wa ualimu anayekwenda kufundisha katika shule yenye upungufu wa walimu, au wa kilimo anayekwenda kukaa na wakulima, huenda kwa fedha atakazodaiwa. Mwaka 1966 Taifa liliwaambia wasomi kwamba wana deni kwa umma. Leo deni limeandikwa kwa shilingi, na limeandikwa hata kwa siku zile ambazo kijana alikuwa akiutumikia umma. Yule anayedaiwa kwa kuhudumia ana haki ya kuuliza huduma hiyo ni ya nani.

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne yajadiliwe katika matawi, katika vyuo na katika kamati za shule.

Kwanza, kazi ya jamii itengewe kasma yake kama somo lolote lile. Ruzuku iliyopangwa tangu 2016 ni shilingi 25,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya Serikali. Kwa shule ya wanafunzi 400 hiyo ni shilingi milioni 10. Asilimia 5 ya kiasi hicho, yaani shilingi 500,000, ingetosha kuanzia mradi mmoja wenye mbegu, vifaa vya kupimia na nauli. Wanaosema nchi ni maskini wanasema kweli, lakini umaskini ni sababu ya kuchagua mradi mmoja unaofundisha badala ya miradi mitano ya jina.

Pili, mapato ya mradi yaandikwe katika daftari lililo wazi, linalowekwa na wanafunzi chini ya mwalimu wa hesabu, na lisomwe mbele ya wazazi kila muhula. Fungu lisipunguzwe kwa sababu mradi umezaa, wala mradi usihukumiwe kwa magunia peke yake.

Tatu, kazi ipimwe kwa alichojifunza mwanafunzi na kwa kilichobadilika kijijini, na kipimo hicho kihesabiwe katika matokeo yake. Kwamsisi ilifunga safari ndefu na kukwama kwenye mtihani.

Nne, mpango uanzie kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Kisima kilichochimbwa na wanafunzi bila wananchi kukitaka huziba, na wanafunzi hujifunza kwamba jasho lao halina maana.

Ndugu wasomaji, kazi ya mikono haimdhalilishi mtoto wa mkulima wala wa waziri. Kinachomdhalilisha ni kutumia muda wake bila kumfundisha na bila kumwonyesha hesabu. Kada anayekwenda kuhamasisha wanafunzi kujenga taifa aulize kwanza fungu liko wapi, daftari liko mikononi mwa nani, na somo ni lipi. Majibu hayo yakipatikana, jembe liingie shuleni kwa heshima yake.